Jina la mdudu halitolewi kwa dhana

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu, mkulima wa mahindi, alinionesha picha katika simu ya mjukuu wake. Alikuwa ni kiwavi wa kijivu juu ya jani, kichwa hakionekani, na nusu ya mwili ni ukungu mtupu. Picha ilikuwa imekwisha kuzungushwa kwa jamaa na marafiki, na jawabu likarudi haraka: huyu ni kiwavijeshi vamizi, nunua dawa upulizie. Mzee akanunua. Bwana shamba alipokuja na kupasua bua moja, alimkuta kiwavi ndani yake. Kumbe ni funza wa mabua, ambaye akishaingia ndani, dawa ya juu ya majani haimfikii. Fedha ikapotea, na mahindi nayo yakapotea.

Mzee simlaumu. Ninaowalaumu ni wale waliotoa hukumu ilhali shahidi wao, yaani ile picha, hakuwa amesema lolote la kutegemewa.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia 2017 alikuwa amekwisha ingia Tanzania na Kenya. Hofu ya wakulima juu yake ni ya haki. Lakini ana alama zake: madoa manne meusi yaliyokaa mraba katika pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili, na usoni mstari mweupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Hiyo Y peke yake haitoshi, kwa kuwa viwavi wengine nao huwa nayo. Basi picha isiyoonesha uso wala sehemu ya nyuma, mtu ameipatia wapi yakini?

Upigaji wa picha za karibu nao una udanganyifu wake. Kadiri kamera inavyomsogelea mdudu, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba. Macho yakidhihiri, miguu hutoweka. Ukubwa nao hufutika, na kupe akaonekana sawa na kobe. Kwa hiyo mpigaji atoe picha kadhaa: mgongoni, ubavuni, usoni, na ya tumbo ikiwezekana. Aweke sarafu kando yake, kisha aseme ni wapi, lini, na juu ya mmea gani. Maelezo haya machache aghalabu yana faida kuliko kamera ya thamani. Zipo pia programu za simu zinazotaja jina mara moja. Zinasaidia, sikatai, ila zinalinganisha picha yako na zile zilizofunzwa, na nyingi kati ya hizo zilipigwa Ulaya na Marekani. Jina zinalotoa ni pendekezo tu.

Kuhesabu pia ni elimu. Katika miti yetu ya pwani kuna buibui anayejifananisha na chungu maji moto hata jicho likakubali, naye huinua miguu ya mbele ikawa mithili ya papasi. Hesabu miguu: chungu ana sita, buibui ana minane. Vivyo hivyo kuna nzi waliovaa mistari ya nyuki, lakini nyuki ana mabawa manne na nzi ana mawili.

Wako wengine ambao kosa la jina lao huumiza mwili. Yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, aliyewasumbua sana wakazi wa Nairobi wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, huitwa nzi ilhali ni mbawakawa, na hudhaniwa kuwa anauma ilhali haumi. Sumu imo katika damu yake. Anayempiga kofi shingoni ndiye anayejipaka sumu, na kesho yake ngozi huwa kama iliyoungua. Anayemtambua humpuliza aondoke, kisha huosha mahali hapo kwa maji na sabuni.

Na wako ambao hakuna picha itakayowatenganisha. Mbu Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiki kwa umbo hata chini ya hadubini; hupambanuliwa kwa kipimo cha vinasaba. Wala si jambo dogo, kwa sababu wa kwanza hupenda zaidi damu ya binadamu na kuuma ndani ya nyumba, na wa pili huwaendea pia ng'ombe na kuuma nje, mahali ambapo chandarua hakimlindi mtu.

Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa masuala 48, na 32 kati yake akajibu kuwa hajui. Sioni kwa nini sisi tuone haya mbele ya picha ya kiwavi. Mwenye kuulizwa aseme kile picha inachothibitisha: huyu ni kiwavi wa nondo, au, huyu ni mbu wa jamii ya Anopheles, kisha asimame hapo na aombe picha nyingine. Anayesubiri jawabu ana shamba, na ana dawa mkononi.

Mzee wetu siku hizi anatembea na kichupa chenye kifuniko mfukoni. Mjukuu anapiga picha, na kiwavi mwenyewe anapelekwa kwa bwana shamba.