MITA JANJA IJE, LAKINI KILA CHUMBA NA YAKE

KIJANA mwenzetu uliyepanga chumba kimoja Manzese, Mbagala au Kirumba, habari za mita janja zimeshafika kijiweni. Wako wanaosema ni neema, wengine wanasema ni changa la macho. Wewe unauliza: wakija kuifunga, niipokee au niigomee?

Jibu letu ni fupi. Ipokee. Ila usikubali ifungwe moja tu kwa nyumba nzima yenye wapangaji sita, wala usiipokee ukiwa umefumba macho.

Kwanza tuelewane ni dude gani hili. LUKU ya kawaida, ambayo mijini tumeizoea tangu miaka ya 1990, imekaa ukutani kimya. Unanunua umeme, unapewa tarakimu 20, unabonyeza moja moja, ukikosea unaanza upya. Mita janja ina mawasiliano ndani yake, kama simu. Unalipa, uniti zinaingia zenyewe. Inapeleka ofisini hesabu ya matumizi yako, na ikichokonolewa inashtaki papo hapo. Vishoka waliokuwa wakipita mitaani kuwachezea watu mita kwa elfu chache, kazi yao itakuwa ngumu. Hapo hatuna ugomvi. Umeme unaoibwa hulipiwa na yule asiyeiba.

Lakini ujanja huo una upande wa pili. Mtu aliyekaa ofisini anaweza kukukatia umeme bila kupanda nguzo wala kukutazama usoni. Na mita ni mashine tu: inajua uniti zilizopita, haijui watu wangapi wanaishi nyuma yake. Hapo ndipo kabwela anapoumia, na anaumia hata leo kwa LUKU hii hii ya kubonyeza.

Chukua kalamu tupige hesabu. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa Sh. 100 kwa uniti. Akizidi hapo anahamishiwa kundi la Sh. 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1.

Sasa tazama nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kila chumba kina taa, feni, redio na chaji ya simu, tuseme uniti 30 kwa mwezi. Jumla uniti 180. Mita inaona mteja mmoja mkubwa, inamtoza Sh. 292. Na makato yake, nyumba inalipa kama Sh. 64,100, yaani karibu Sh. 10,700 kwa kila chumba. Lau kila chumba kingekuwa na mita yake na kuwekwa kundi la wadogo, uniti hizo hizo 30 zingekugharimu Sh. 3,660 tu. Mtu aliyejenga nyumba yake na kuishi na mkewe analipa bei ya mnyonge. Wewe mwenye godoro na ndoo unalipa bei ya tajiri! Na hapo hatujagusa ugomvi wa nani ana jiko la umeme, nani amewasha pasi usiku, na nani hajatoa mchango wa LUKU.

Kwa nini basi kila mpangaji asiombe yake? Kwa sababu mlango una bei. Mwaka 2021 kuunganishiwa umeme kulishushwa hadi Sh. 27,000. Januari 2022 mijini ikarudishwa Sh. 320,960 kwa nyumba iliyo karibu na nguzo. Kijana anayebeba mizigo Kariakoo atazitoa wapi?

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa ndani ya LUKU. Ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh. 1,500. Mwenye jengo ni baba mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Mkiambiwa mkatane kwenye kodi ya pango, nani kati yenu amethubutu kumwambia mzee? Mita ikishakuwa mtoza kodi, haiulizi hati ya kiwanja.

Wengine duniani wamepita njia hii. Uholanzi, mwaka 2009, baraza la juu la bunge liligoma kupitisha sheria ya kulazimisha mita janja kila nyumba, kwa sababu mita inayohesabu matumizi kila wakati inajua umeamka saa ngapi na umesafiri lini. Uingereza, kampuni za umeme ziliwahamisha wateja wenye madeni kwenda malipo ya kabla kwa kubonyeza kitufe tu. Watu wakabaki gizani wakati wa baridi. Kelele zikapigwa, na mwaka 2023 kampuni zikasimamisha kuwahamisha watu kwa nguvu.

Na sisi wenyewe tumeonja. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulikwama kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na pesa mkononi na giza chumbani. Mfumo ukiugua makao makuu, wewe wa Mbagala ndiye unayelala bila feni.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Moja, mita janja zikifungwa, wapangaji wapewe kila mmoja yake kwa bei ya kulipika kidogo kidogo, na wawekwe kundi la bei linalowastahili. Mbili, kodi ya jengo ni moja kwa jengo moja: isikatwe mara sita kwa kuwa mita zimekuwa sita, na itafutwe njia ya kumfikia mwenye jengo mwenyewe. Tatu, asikatiwe mtu umeme kwa mbali bila kupewa taarifa na nafasi ya kujieleza. Nne, hesabu za matumizi yetu zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zisigeuzwe bidhaa.

Nawe kijana usikae kijiweni ukisubiri. Itazame risiti yako ya LUKU leo, gawanya pesa kwa uniti. Ukiona uniti moja, pamoja na makato, inakaribia Sh. 356, ujue uko kundi la wakubwa. Kaeni wapangaji wote, mwiteni mwenye nyumba kwa heshima, andikeni barua moja yenye sahihi zenu, mpeleke ofisi ya TANESCO ya wilaya. Mkizungushwa, nakala iende EWURA na baraza la watumiaji la EWURA CCC. Barua yenye majina sita haitupwi kirahisi kama malalamiko ya mtu mmoja.

Na fundi akija kesho na mita janja mkononi, mfungulie mlango. Kisha muulize: hii ni ya nani, na ya wenzangu watano iko wapi?