Tufunge mwamba, lakini tujue tunamfungia nani

Pweza haishi sana. Huyu anayechokolewa miambani kuanzia Lamu hadi Mtwara huanguliwa akiwa kadudu kadogo kanakoelea na mkondo, na katika muda wa mwaka mmoja hivi huwa amefikia kilo kadhaa, amezaa na amekufa. Jike hutaga mara moja tu. Hujifungia pangoni, huyapulizia mayai maji safi, hali chochote, na yakianguliwa naye huwa amekwisha. Kiumbe wa namna hii akiachwa miezi miwili au mitatu, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu na zaidi. Hiyo ndiyo sababu kufunga mwamba kwa muda, kama zinavyofanya baadhi ya jamii za wavuvi Pemba na kwingineko pwani, kunastahili kuungwa mkono na serikali: ni sheria inayofuata maisha ya mnyama mwenyewe.

Watasema mwenye njaa hawezi kungoja miezi mitatu. Hoja ni nzito, ila inasahau kwamba kinachofungwa ni sehemu tu ya miamba. Kwingine watu huendelea kuvua. Kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilianza utaratibu huu mwaka 2004. Watafiti waliofuatilia mavuno ya eneo hilo kwa miaka kadhaa walikuta kwamba mwamba ukifunguliwa kila mvuvi hupata kwa siku karibu maradufu ya alichozoea, na kipato cha kijiji hakikushuka kwa kiasi cha maana wakati wa kufunga. Kinachonitia shaka zaidi ni siku ya kufungua. Wapiga mbizi wenye miwani huwahi pweza wakubwa, wageni humiminika, matumbawe hukanyagwa, na wanawake wanaokwenda kwa miguu maji yakipwa huambulia mabaki, ingawa nao walivumilia kama wengine. Basi mwamba ufunguliwe wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, na siku za mwanzo wapewe wanaochokoa kwa miguu. Kamati inayopanga tarehe bila mwanamke hata mmoja anayejua mashimo ya pweza inapanga kwa kubahatisha.

Upo pia upotofu wa kudhani kwamba tukishamfungia pweza tumeilinda bahari. Chewa huchukua miaka kukomaa, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike kisha wakageuka madume wakishakua. Ukivua wakubwa wote, umeondoa madume. Kwake miezi mitatu si kitu. Anahitaji hifadhi ya kudumu kama ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako uvuvi umekatazwa tangu 1994, na hapo ndipo wanasiasa hunyamaza, kwa kuwa hakuna siku ya kufungua ya kupigia picha. Wizara zinazosimamia uvuvi zinaweza kuanza na jambo dogo: kuzipa kamati za wavuvi boti ya doria na sheria ndogo inayotambulika mahakamani, ili anayeiba usiku katika mwamba uliofungwa asiachiwe asubuhi.