Leso ya Nyanya Haikuwa Samawati

Kuna picha moja kwetu: nyanya yangu amesimama ndani ya studio huko mjini, leso mbili, mkono kiunoni, anaitazama kamera kama inayodaiwa naye. Nyeusi na nyeupe. Jumapili binamu yangu akaipitisha kwenye programu ya simu, sekunde kumi tu, ikatoka na rangi. Akaitupa kwenye grupu la familia. Mioyo na mashallah zikamiminika. Nikampelekea nyanya simu chumbani.

Akaitazama, akauliza, "Huyu ni nani?"

Ile leso ni kisutu, ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, leso ya arusi. Simu imeipaka samawati! Na ngozi, wallahi, imemgeuza chai ya maziwa. Nyanya ni mweusi na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Sasa nyinyi wa Mtopanga, Mlaleo na Bombolulu mnaoposti "Mombasa ya zamani kwa rangi halisi", nina neno nanyi. Halisi gani? Filamu ile ilishika mwanga, haikushika rangi. Nyekundu na kijani zaweza kutoka kijivu kile kile. Tena kuna filamu za kitambo ambazo hazikuona nyekundu kabisa, zikaitoa nyeusi. Kwa hivyo programu haikumbuki chochote, inabahatisha tu kwa picha ilizofunzwa nazo, na hizo nyingi si za Kisauni. Mnaposti bahati nasibu halafu mnaiita historia.

Mtaniambia, kwani wazee hawakupamba? Walipamba sana. Studio zilikuwa na watu wa kupaka mashavu na midomo kwa brashi. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akizikata picha na kuziunganisha upya. Pale feri ya Likoni wapiga picha walikusimamisha mbele ya mandhari ya kuchorwa. Sisi wa pwani hatujawahi kuogopa madoido. Lakini mwenye sura alikuwa pale pale, anasema gauni langu ni la kijani, na wewe unapaka kijani.

Mwaka 2021 jarida la Vice lilitoa picha za wafungwa wa Tuol Sleng, Kambodia, zimetiwa rangi. Kumbe nyuso nyingine zilikuwa zimeongezwa tabasamu. Watu waliokuwa wakingoja kuuawa! Kelele zikapigwa, zikaondolewa. Najua leso si jela. Ila tabia ni ile ile: aliye pichani hana usemi.

Mimi sijakataa rangi. Nilikaa na nyanya hadi magharibi, yeye akisema na mimi nikipaka, polepole, kwa kidole. Blauzi, akaniambia, ilikuwa rangi ya ndimu. Tena haikuwa yake, aliiazima kwa wifi yake na hakuirudisha, wakanuniana miezi. Hakuna mtu kwetu aliyekuwa anajua hayo, hata mamangu. Yametoka kwa sababu nilimuuliza rangi ya blauzi. Programu ingekupa blauzi ya waridi na ungeenda zako.

Basi posti, lakini weka na ile asili kando, na useme ni nani aliyekwambia rangi. Kama ni simu, sema ni simu.

Na wewe binamu, najua unasoma. Futa ile ya samawati. Nyanya ameshaniuliza mara mbili.