Si Kila Tumbo Linalouma ni Chango



Msimu wa harusi umeingia na maswali mnayotuletea ni yale yale tunayoyapenda: singo ianze siku ngapi kabla, piko ikae kwa muda gani, udi upi usiomkera bwana harusi. Tutayajibu, inshaallah. Leo mtuvumilie kidogo, tuna jambo la mdogo wetu.

Mdogo wetu ameolewa Kyerwa. Kwa wasiopajua, Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera, kule juu kabisa kaskazini magharibi ya Tanzania. Mpaka mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Ng'ambo ya mto ni Rwanda, na ukifika Murongo umeshaiona Uganda. Ni nchi ya ndizi, kahawa na maharage, na asubuhi kuna baridi ambayo kanga peke yake haitoshi. Wala hatukuwa wa kwanza kupeleka mtu huko. Wafanyabiashara wa Kiarabu wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na mji wa mfalme Rumanyika, na Mzungu Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 watu wetu walikwisha kumtangulia.

Tulimfungia masanduku matatu. Kanga doti kumi na mbili, mashuka ya kutarizi, chetezo, udi, liwa, mafuta ya nazi ya kutosha mwaka mzima. Somo alikaa naye siku saba akamfundisha yote ambayo somo hufundisha. Tukadhani tumemaliza.

Mwezi wa tatu wa ndoa tumbo likaanza kumuuma, upande wa kulia, chini. Linakuja, linaondoka. Alipopiga simu nyumbani sote tulimjibu kwa neno moja: chango. Nani kati yetu hajaambiwa ana chango? Hedhi ikiuma ni chango, mimba isiposhika ni chango, mgongo ukikaza ni chango la uzazi. Tukamtumia dawa ya mizizi kwa basi. Mkwe wake naye, mama mwema kabisa, akamchemshia majani ya kwao. Kwenye zahanati ya kijijini akaambiwa ni UTI, akapewa dozi. Mara ya pili UTI na taifodi, dozi nyingine. Mara ya tatu UTI tena. Mnaoishi bara mnacheka kwa sababu mnajua kwamba hayo ndiyo majina mawili ya kila ugonjwa wa tumbo.

Mwisho daktari mmoja akamwandikia kipimo cha altrasaundi. Akapanda bodaboda, akapanda gari, akafika hospitali, akanywa maji mengi kama alivyoelekezwa, akakaa kwenye benchi. Mlangoni pameandikwa MIONZI, na neno hilo pekee lilimtisha. Mlango ulipofunguliwa aliona kitanda, pazia lisilofika chini, na kijana wa kiume amevaa glavu. Hakuna aliyemwambia kuwa anaweza kuomba mwanamke. Hakuna aliyemweleza kitakachofunuliwa na kitakachobaki kimefunikwa. Aliinuka, akaenda chooni, akarudi nyumbani Kyerwa.

Baada ya miezi miwili, usiku, maumivu yalikuja hayakuondoka, na matapishi juu yake. Mume alitafuta gari la jirani. Safari hii hakuna aliyeuliza mpimaji ni nani. Altrasaundi ilionesha uvimbe wa maji kwenye ovari, ule mfuko wa mayai ya mwanamke, na mfuko wenyewe ulikuwa umejisokota kama nguo inavyokamuliwa, damu haipiti. Walipomfungua ulikuwa umeshakuwa mweusi. Wakautoa.

Yuko hai, alhamdulillah. Amebakiwa na ovari moja, na madaktari wamemwambia moja hutosha kushika mimba. Lakini daktari aliyempasua alimwambia pia kwamba uvimbe wa namna hiyo ukionekana mapema, mara nyingi unaweza kutolewa wenyewe na ovari ikabaki. Hakumhakikishia kwamba kwake ingekuwa hivyo. Sisi ndio tuliobaki tukihesabu: miezi miwili, na dawa ya mizizi tuliyoituma kwa mikono yetu.

Ndiyo maana tunaandika. Tunaona altrasaundi ya tumbo na nyonga iingie kwenye mambo ya bi harusi kama yalivyoingia singo na hina. Hatusemi kila mwari apelekwe akapigwe picha, maana asiyeumwa hana haja ya kutafutiwa ugonjwa. Tunasema ajue kipimo hicho ni nini, kinapatikana wapi huko anakokwenda, nani atakilipia, na ajue kwamba akiumwa ana haki ya kukitaka. Somo anayeweza kuzungumza mambo ya chumbani bila kupepesa macho anaweza kulisema na hili.

Kwanza tuiondoe hofu ya lile neno mlangoni. Altrasaundi haitumii mionzi. Ni sauti, kali kupita kiasi cha sikio la mtu, inayotumwa mwilini na kurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Ile jeli ya baridi ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu sauti hiyo hewani haipiti vizuri. Maji unayonyweshwa yana kazi: kibofu kikijaa husogeza utumbo pembeni na kuwa kama dirisha la kutazamia kizazi. Ukiwa unachunguzwa ini au nyongo, kinyume chake, utaambiwa ufike na njaa. Eksirei na sitiskani ndizo zenye mionzi, na huko lazima useme kama una mimba au unashuku. (Bibi harusi wetu watapenda hili: picha ya kwanza maarufu ya eksirei ya mwili wa mtu, mwaka 1895, ni mkono wa mke wa Röntgen, na pete yake ya ndoa inaonekana kwenye kidole.)

Na tumbo la mwanamke ndilo lililoipa altrasaundi jina. Mwaka 1958, mjini Glasgow, daktari wa wanawake Ian Donald na wenzake walichapisha makala kuhusu uvimbe wa tumboni. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwapo mama aliyedhaniwa anakufa kwa saratani ya tumbo isiyopasulika, tumbo limejaa maji. Mashine yao ikaonesha kitu kingine: uvimbe mkubwa wa ovari. Wakamfanyia upasuaji, wakautoa, akapona. Alikuwa amekwisha kukatiwa tamaa kwa sababu ya jina lisilo lake. Tukiisoma habari hiyo tunamfikiria kila aliyeambiwa chango.

Kwa sababu chango, wapenzi, ni majina mengi ndani ya neno moja. Ni fibroidi, uvimbe wa kwenye nyama ya kizazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima wanawake kwa altrasaundi na kukadiria kwamba wakifika miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa nazo, na wengi hawakuwahi kuambiwa. Nyingi hazina madhara, nyingine ndizo zinazokumwagisha damu mpaka unaona kizunguzungu. Ni uvimbe wa ovari kama wa mdogo wetu. Ni usaha kwenye mirija baada ya maambukizo. Ni mawe ya nyongo, ni figo. Ni kichocho, ambacho sisi wa visiwani tunakijua kwenye mkojo, na wa Ziwa Viktoria wanakijua zaidi kwenye utumbo na ini. Na ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo haina subira: hedhi imechelewa, tumbo linachoma upande mmoja, unasikia kuzimia. Huyo asipewe chai ya mdalasini. Apelekwe usiku huo huo.

Picha husaidia na kwenye kutibu, si kutambua tu. Jipu la ini hukamuliwa kwa sindano huku daktari akiitazama ncha yake kwenye kioo. Aliyeanguka na bodaboda huangaliwa kama damu inavuja tumboni kabla hajapasuliwa. Vijijini, ambako hospitali kubwa iko mbali, dakika kumi za altrasaundi zinaweza kusema nani alale hapa na nani apakiwe kwenye gari. Kutoka Kayanga mpaka Bukoba, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 100, na anayehitaji Bugando ana Ziwa zima mbele yake mpaka Mwanza. Kosa la kutambua ugonjwa linauma popote, lakini huko lina nauli.

Sasa haya. Hatuidharau, haya ni katika imani, na dada anayeona vibaya kufunuliwa mbele ya mwanamume hana kosa. Lakini tumeifanya haya iwe na sheria ambazo dini haikuziweka. Mtume (S.A.W.) alihimiza kujitibu. Masahaba wa kike, akina Ummu Atiyya na Rubayyi bint Muawwidh, waliwahudumia majeruhi wa kiume vitani. Wanazuoni wameweka na mpangilio: atafutwe tabibu mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu, kisha mwanamume Muislamu, kisha asiye Muislamu, kifunuliwe kinachohitajika tu, na awepo mtu wako wa kuaminika. Huo ni mlango umefunguliwa, tena na ngazi zake. Mdogo wetu aliuona umefungwa kwa sababu sisi tuliomfundisha kutandika kitanda hatukumfundisha hilo.

Na kwa kuwa Karagwe hospitali ya Nyakahanga ni ya Walutheri, na Kyerwa ile ya Isingiro ni ya Wakatoliki, wapo wanaouliza kama inafaa. Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif ambaye wanazuoni wamehitilafiana kama alisilimu. Sista mwenye mikono safi na moyo wa huruma akikupima, mshukuru.

Kwa mwari ambaye hajaolewa, mama zake wasikie vizuri: kipimo hufanyika juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Kipo kifaa cha ndani, na kinaona kwa ukaribu zaidi, lakini hicho huulizwi kimya kimya. Sema "sijaolewa" na kitaachwa. Ukishaolewa, kikubali ama ukikatae kwa ridhaa yako baada ya kuelezwa.

Jambo la fedha tutalisema hata kama litawaudhi baadhi ya mabwana. Vitabu vya fiqhi vya zamani, vya Kishafii vikiwamo, havikuhesabu gharama za tabibu na dawa ndani ya nafaka ya mke. Masheikh wengi wa leo wanaona vingine kwa kuwa maisha yamebadilika, na sisi tuko pamoja nao. Lakini usisubiri uwe kitandani ndipo watu wafungue vitabu. Posa inapojibiwa, wazee wanapokaa kuhesabu mahari na kitanda, iulizwe na hii: akiumwa huko, nani analipa, na kadi ya bima ipo? Shemeji yetu ni muungwana na alilipa bila neno. Si wote.

Tusiisifu mashine kupita kiasi pia. Altrasaundi ni macho ya anayeishika. Mashine ikiwapo na mjuzi hayupo, ni kabati. Na picha ikitoka safi haina maana kwamba unajifanya; ipo maradhi ya ukuta wa kizazi kuota nje ya mahali pake, yanauma vibaya kila mwezi na mara nyingi altrasaundi ya kawaida haiyaoni. Rudi, sema bado naumwa. Omba karatasi ya majibu, iweke pamoja na cheti cha ndoa. Na wale wanaopita mitaani na kidude cha kushika mkononi, wanadai kinasoma mwili mzima kwa dakika moja kisha wanakuuzia makopo ya dawa, hiyo si altrasaundi. Tumewaona Darajani na mdogo wetu amewaona huko huko Kyerwa siku ya mnada.

Juzi alitupigia simu. Jirani yake, binti wa miaka 19, anaolewa baada ya Idi na tumbo linamsumbua tangu Rajabu; mama yake anasema chango. Mdogo wetu alimwomba mama ruhusa ya kumsindikiza, akapewa. Waliondoka alfajiri na chupa mbili za maji na kanga ya ziada ya kufunikia miguu. Alipofika dirishani aliuliza, kabla hata ya kuandikisha jina, kama leo kuna dada anayepima. Wakamwambia yupo, ila asubiri mpaka saa tano. Wakakaa kwenye benchi lile lile. Saa nne binti akaanza kulia kwamba kibofu kinapasuka, na mdogo wetu akawa anamchekesha asiende chooni.

Majibu yako kwa mama yake, si yetu kuyasema.