Bei ya mtandaoni haijakamilika mpaka mzigo ufike mlangoni

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anapohitaji bomba jipya la kupulizia dawa, siku hizi haanzi kwa kwenda dukani. Anaanza kwa kufungua simu. Ndani ya dakika chache ameona picha za mabomba ya kila aina, mengi yakiuzwa na wafanyabiashara wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, na bei imeandikwa chini ya picha. Ndipo anapokwenda kwenye duka la pembejeo la jirani, simu ikiwa mkononi, na swali lake ni moja tu: mbona hapa ni ghali?

Wenye maduka wengi wanalichukia swali hilo. Wapo wanaomjibu mteja kwa hasira kwamba aende akanunue huko huko alikoona. Wapo pia wanaoshusha bei papo hapo bila kupiga hesabu, mradi mteja asiondoke mikono mitupu. Majibu yote mawili ni hasara. La kwanza linafukuza mteja, la pili linakula mtaji. Wahenga walikwisha kusema kwamba biashara haigombi.

Swali la mkulima huyo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Ni ukweli usiopingika kwamba bei za mtandaoni na bei za dukani mara nyingi hupishana. Hata hivyo, kabla ya kusema ipi ni nafuu, ni lazima kwanza kujua kila bei imebeba nini ndani yake.

Wauzaji wawili, mizigo miwili

Mwaka 2017 mchumi Alberto Cavallo alichapisha katika jarida la American Economic Review utafiti uliolinganisha bei za mtandaoni na za dukani za kampuni kubwa 56 za rejareja katika nchi 10, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Alilinganisha bidhaa ile ile ya kampuni ile ile, kwenye tovuti yake na kwenye rafu yake. Matokeo yake yaliwashangaza wengi: katika asilimia 72 ya bidhaa zilizolinganishwa, bei zilikuwa sawa kabisa.

Maana yake ni kwamba mtandao wenyewe haushushi bei. Kampuni yenye duka na tovuti hununua mzigo mmoja, hulipia ghala moja, na kwa kawaida huuza kwa bei moja. Tofauti kubwa anayoiona mkulima wa Ilula ina chanzo kingine. Yeye analinganisha wauzaji wawili waliosimama sehemu mbili za mnyororo wa biashara. Wa kwanza yuko Kariakoo, karibu na bandari na karibu na waagizaji, pengine anauza kutoka stoo au nyumbani bila kulipa pango la fremu. Wa pili amenunua mzigo huo huo kwa jumla, akaulipia nauli hadi Iringa, akalipa leseni, pango, umeme na mshahara wa kijana wa dukani, kisha akakaa na mali hiyo miezi kadhaa akisubiri msimu. Fedha iliyolala kwenye rafu nayo ina gharama, hasa ikiwa ni ya mkopo.

Kwa hiyo bei ya kwenye simu ni bei ya bomba likiwa Kariakoo. Bei ya dukani ni bei ya bomba likiwa Ilula. Kati ya hizo mbili kuna safari ya kilomita mia kadhaa, na safari hiyo lazima ilipiwe na mtu.

Hesabu ya bomba moja

Chukua mfano wa bomba la lita 16 ambalo mtandaoni limeandikwa Sh 45,000 na katika duka la jirani ni Sh 60,000. Kwa macho, tofauti ni Sh 15,000. Sasa ziongezwe gharama ambazo hazikuandikwa chini ya picha: kulipeleka bomba kutoka dukani hadi stendi ya mabasi Sh 3,000, nauli ya kifurushi kwenye basi Sh 6,000, makato ya kutuma fedha Sh 1,000, na bodaboda ya kulichukua kutoka stendi hadi kijijini Sh 2,000. Bomba hilo sasa limefika mlangoni kwa Sh 57,000. Tofauti iliyobaki ni Sh 3,000.

Hapo mambo yote yamekwenda vizuri. Bomba likifika linavuja, au mpini wake umevunjika njiani, kulirudisha kunahitaji nauli upya na siku kadhaa za kusubiri. Wakati huo mdudu kantangaze hasubiri kifurushi. Mkulima wa nyanya anajua siku nne za kuchelewa kupuliza zinaweza kugharimu nini, na kiasi hicho hakiandikwi kwenye tangazo lolote. Kwa mwenye duka wa jirani, bomba linajazwa maji na kujaribiwa palepale. Likiharibika wiki ijayo, mteja anajua pa kwenda na washa za kubadilisha zipo.

Lakini hesabu hii ina upande wa pili, na mkulima anayeufahamu anaweza kuokoa fedha nyingi. Gharama nyingi za safari hazipandi sambamba na wingi wa mzigo. Iwapo wakulima 10 wa kikundi kimoja watakusanya fedha na kuagiza mabomba 10 kwa pamoja, watalipa Sh 450,000 za mabomba. Tuseme kupeleka stendi ni Sh 5,000, nauli ya basi Sh 15,000, makato Sh 4,000 na bajaji ya kijijini Sh 5,000. Jumla inakuwa Sh 479,000, yaani Sh 47,900 kwa kila bomba. Ukilinganisha na Sh 600,000 za dukani, kikundi kimeokoa Sh 121,000.

Bei hizi ni za mfano tu na kila njia ina nauli zake. Kanuni, hata hivyo, ni moja: anayenunua kimoja kimoja mara nyingi hana sababu ya kulikimbia duka la jirani, na wanaonunua kwa pamoja wana sababu nzuri ya kupiga simu mbali.

Bei ya chambo

Kasoro kubwa zaidi ni pale bei inapoandikwa kwa nia ya kumvuta mteja tu. Mbinu hizi zinajulikana. Mteja anaonyeshwa bei ya chini, akipiga simu anaambiwa zile zimekwisha, zimebaki hizi za bei ya juu. Au bei iliyoandikwa ni ya anayechukua dazeni nzima, lakini neno dazeni halikuandikwa. Au tangazo ni la miezi sita iliyopita na muuzaji hakulifuta. Wengine hawaandiki bei kabisa. Kila anayeuliza huambiwa aulize kwa ujumbe wa siri, na kila mmoja hupewa bei kwa kadiri anavyoonekana.

Mchezo huu haufanywi na wafanyabiashara wadogo peke yao. Nchini Marekani, mwaka 2022 kampuni kubwa ya maduka ya Target ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na waendesha mashtaka wa wilaya kadhaa za jimbo la California. Moja ya madai yalikuwa kwamba programu yake ya simu ilionyesha bei ya juu zaidi mara mteja alipofika eneo la duka, kwa kuwa simu ilitambua mahali alipo. Mteja aliyeona bei nafuu akiwa nyumbani aliikuta imepanda akiwa mlangoni mwa duka.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamwekea muuzaji wa mtandaoni wajibu wa kujitambulisha na kumpa mnunuzi taarifa za bidhaa anayouza. Kwa maneno mengine, muuzaji asiyetaka jina lake wala mahali alipo vijulikane anakwepa wajibu wake hata kabla bei haijazungumzwa.

Unafuu usiodumu

Mnunuzi anapaswa pia kujiuliza ni nani anayelipia unafuu anaoupata. Kampuni ya Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012, ilifika hadi Tanzania na ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya biashara ya mtandaoni barani Afrika. Mwaka 2019, miezi michache baada ya hisa zake kuanza kuuzwa katika soko la New York, ilifunga shughuli zake nchini. Kampuni hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara, na wawekezaji ndio waliokuwa wakiifidia.

Fundisho lake ni kwamba bei ya chini inayolipiwa na mtaji wa wawekezaji huondoka na wawekezaji hao. Kijiji kikiwa kimekwisha kuua duka lake la pembejeo kwa ajili ya bei hiyo, siku ikiondoka hakuna pa kukimbilia. Mwenye duka la jirani ndiye anayemkopesha mkulima mfuko wa mbegu hadi mavuno, na ndiye anayemweleza dawa ipi ichanganywe na maji kiasi gani. Huduma hizo zimo ndani ya bei yake, ingawa hazionekani kwenye risiti.

Hilo halimpi mwenye duka ruhusa ya kupandisha bei apendavyo. Akiwa peke yake kijijini, simu ya mkulima ndiyo inayomzuia kujipangia bei, na kwa hilo mtandao umewasaidia sana wakulima. Bei ya Kariakoo ikiwa Sh 45,000 na safari yote ni Sh 12,000, duka linaloomba Sh 80,000 linapaswa kueleza Sh 23,000 zinazozidi ni za nini.

Kwa mbegu na viuatilifu, bei ije mwisho

Kuna bidhaa ambazo kuanza na bei ni kosa. Bomba likiwa baya mkulima amepoteza bomba. Mbegu ikiwa feki amepoteza msimu: shamba, mbolea, vibarua na mvua. Mbegu halali huwa na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na wauzaji wa mbolea na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Muuzaji wa mtandaoni asiyeweza kuonyesha usajili wake wala kutoa risiti hafai kununuliwa bidhaa hizi, hata akishusha bei kwa nusu. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nini kifanyike

Kwanza, wafanyabiashara wadogo waache kuuogopa mtandao na wautumie. Mwenye duka la pembejeo anaweza kuandika bei zake kwenye kundi la simu la kijiji kila Jumatatu, zikiwa na tarehe. Anaweza pia kuwa mkusanyaji wa oda: apokee malipo ya awali kutoka kwa wakulima 10 au 20, aagize mzigo mmoja, na achukue kamisheni inayojulikana. Hapo unafuu wa jumla unabaki kijijini na duka linabaki wazi.

Pili, bei iliyotangazwa iheshimiwe kaunta. Kama imebadilika kwa sababu mzigo mpya umepanda, tangazo la zamani lifutwe. Muuzaji mwenye bei mbili kwa bidhaa moja hupata mteja mara moja tu.

Tatu, Serikali ieleze kwa lugha nyepesi athari za hatua zake za kodi kwenye bei. Katika bajeti ya mwaka 2025/26 ilipendekezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ishuke kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mlaji anayelipa kwa njia za kielektroniki. Nia ni njema, lakini mwenye duka wa kijijini na mteja wake wanahitaji kujua ni bidhaa zipi na malipo yapi yanahusika, ili punguzo lifike kwa mlaji lisiishie njiani.

Nne, wakulima wajizoeze kuuliza maswali manne kabla ya kutuma fedha: Hii ni bei ya kimoja au ya jumla? Mpaka mlangoni kwangu itakuwa kiasi gani? Ikifika mbovu nani analipia kuirudisha? Risiti ipo? Muuzaji mkweli hujibu yote kwa dakika moja.

Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari, bei ya mtandaoni upande mmoja na ya dukani upande wa pili, gharama zote zikiwemo. Baada ya msimu mmoja mkulima atakuwa anajua kipi cha kununua kwa jirani na kipi cha kuagiza na wenzake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi inapotea kwa kubonyeza kitufe kimoja.