Tusiidharau Rivolva

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 2018, askari wachache wakongwe wa Polisi ya jiji la New York walifikia ukomo wa muda waliopewa kuziacha silaha walizozivaa viunoni kwa robo karne na zaidi. Silaha hizo zilikuwa rivolva, yaani zile bastola ambazo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, kila risasi katika tundu lake. Tangu mwaka 1993 idara yao ilikuwa imeruhusu bastola za nusu-otomatiki, na wale wa zamani wakaachiwa hiari. Wengi walibadili. Hawa wachache hawakubadili mpaka walipolazimishwa.

Ni rahisi kuwacheka, kama anavyochekwa mzee asiyetaka kuachana na redio yake ya mbao. Sisi hatuwacheki. Tunaamini walikuwa na hoja, na hoja yenyewe inaihusu kila serikali inayompa askari wake silaha, ikiwa ya bara au ya visiwani.

Rivolva ni mtambo unaoeleweka. Askari anapovuta kifyatulio, mvuto huo mmoja huizungusha silinda, huirudisha nyuma nyundo na kuiachia. Risasi ikiwa mbovu, huvuta tena, na tundu jingine huja mbele ya mtutu. Ukitaka kujua kama imejaa, fungua silinda utazame kwa macho yako. Bastola ya nusu-otomatiki hutegemea nguvu ya risasi yenyewe kulitupa nje ganda na kuingiza risasi nyingine kutoka katika magazini iliyomo ndani ya mpini. Risasi ikiwa dhaifu, au mkono ukiishika kwa ulegevu, kazi hiyo huweza kukwama, na kuikwamua kwataka mikono miwili na akili iliyotulia. Kisha ipo hatari nyingine iliyokwishaua watu wengi wasio na hatia: mtu huichomoa magazini akaamini kwamba silaha ni tupu, kumbe risasi moja imebaki chemba.

Anayeishi visiwani hahitaji kufundishwa maana ya hewa ya chumvi. Kufuli la mlango hula kutu, baiskeli hula kutu, na rivolva nayo hula kutu. Hatusemi kwamba ni chombo cha miujiza. Lakini risasi zilizokaa muda mrefu katika ghala lenye unyevu ndizo huanza kukataa kulipuka, na hapo ndipo tofauti ya kuvuta tena na kuanza kukwamua huwa tofauti ya uhai na mauti.

Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake nchini Marekani mwaka 1836. Kiwanda chake cha kwanza kilifilisika, naye hakusimama imara mpaka vita vya Marekani na Mexico vilipomletea wateja mwaka 1847. Baadaye Waingereza wakawa na Webley yao, walioipokea rasmi jeshini mwaka 1887, na ndiyo iliyoonekana viunoni mwa maofisa wao katika makoloni, pamoja na huku kwetu Afrika ya Mashariki. Wazee wengi wa pwani walipolitaja neno bastola, waliyoiona katika fikra zao ni hiyo.

Lililoipunguzia heshima rivolva jeshini lilitokea visiwani pia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanajeshi wa Marekani waliovivamia visiwa vya Ufilipino walikuta kwamba risasi ndogo za rivolva zao hazikuwazuia wapiganaji wa Kimoro waliokuwa wakiitetea nchi yao. Ikabidi rivolva za zamani zenye risasi kubwa zirudishwe kazini. Mwaka 1911 jeshi hilo likapokea bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning. Ajabu ni kwamba askari polisi wa nchi hiyo hiyo waliendelea na rivolva kwa zaidi ya miaka 70 baadaye. Rivolva ya Smith & Wesson iliyotoka mwaka 1899, ambayo baadaye iliitwa Model 10, imetengenezwa zaidi ya milioni 6. Kazi ya jeshi na kazi ya polisi si moja, na hili mara nyingi husahauliwa na wanaonunua silaha.

Haki yataka tuuseme na upande wa pili. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, wapelelezi 8 wa shirika la FBI walikabiliana na majambazi wawili. Wapelelezi wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Waliokuwa na rivolva walijikuta wakiishiwa risasi na kuhangaika kujaza upya hali wanashambuliwa kwa bunduki. Baada ya siku ile wimbi la bastola zenye risasi nyingi lilizikumba idara za polisi za Marekani, na Glock ya Austria, iliyopokewa na jeshi la nchi yake mwaka 1982, ikapata soko lisilokuwa na mfano. Hatuwezi kumlaumu askari aliyesoma habari ile akataka risasi 15 badala ya 6. Hata hivyo ni vyema kukumbuka kwamba mapambano yale yalimalizwa na mpelelezi aliyekwishavunjwa mkono mmoja, akiwa ameshika rivolva kwa mkono uliobaki.

Miaka 13 baadaye tukaona upande wa pili wa wingi wa risasi. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 mwenye asili ya Guinea, alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiishi huko Bronx, New York. Hakuwa na silaha. Askari wanne walidhani kwamba pochi aliyoitoa mfukoni ni bastola. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Wawili kati yao walifyatua risasi 16 kila mmoja, yaani mpaka bastola zao zikawa tupu. Mahakama iliwaachia huru wote mwaka 2000.

Hatudai kwamba rivolva ingemwokoa Diallo; risasi moja yatosha kumwua mtu, na kosa la askari wale lilianza katika macho na fikra zao kabla ya kufika mikononi. Lakini askari wanne wenye rivolva wasingeweza kufyatua zaidi ya risasi 24 bila ya kusita na kujaza upya, na katika kusita huko mtu hupata nafasi ya kutazama anachokipiga. Polisi ya New York yenyewe ililijua jambo hili kwa namna yake. Ilipozikubali bastola mpya, iliagiza vifyatulio vizito vyenye mvuto wa ratili 12 hivi, vifanane na mvuto mrefu wa rivolva. Wakaiacha rivolva, wakabaki na hofu iliyowafanya waipende.

Wajapani, ambao ni watu wa visiwani, hawakuona haja ya kwenda mbali hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipoikalia nchi yao, polisi wa Japani walipewa silaha za Kimarekani za kila aina. Mwaka 1960 wakaanza kutumia yao wenyewe, New Nambu, rivolva ya risasi 5 tu. Mpaka leo askari wa kawaida wa Japani huvaa rivolva, ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye mkanda wake, na akiifyatua hata mara moja, habari hiyo huandikwa magazetini.

Basi tunawageukia wakubwa wenye dhamana ya usalama. Mfanyabiashara wa silaha ajapo na kabrasha lake la picha, atataja idadi ya risasi na wepesi wa kufyatua. Aulizwe pia gharama za mafunzo, na ninyi mjiulize askari wenu hupiga shabaha mara ngapi kwa mwaka, kwa risasi ngapi, na nani anayezikagua zile zilizomo ghalani. Kama jibu ni mara moja kwa mwaka, au hakuna anayekumbuka, basi fedha hizo ziende kwanza katika risasi za mazoezi na katika mishahara ya mafundi, na kama zipo rivolva za zamani zipakwe mafuta na kujaribiwa moja moja kabla ya mtu yeyote kutia saini ya kuziondoa.