Nasaba za Majengo Zinamngoja Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Aghalabu methali hii humwangukia kijana wa Eastlands anaposhindwa kutaja kijiji cha babu yake. Hata hivyo, wapo wazawa wa Pumwani Majengo na Shauri Moyo ambao hawajakataa kwao. Wamekosa tu mtu wa kuwaonyesha kulikoandikwa.

Maandishi yapo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande kilichoonyesha jina, kabila, alama za vidole na mwajiri wake. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, Shauri Moyo ilijengwa ili kuwapokea waliohamishwa. Shughuli hizi zilizaa barua na ripoti, na sehemu yake imo katika Makavazi ya Kitaifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ambayo jengo lake linafikika kwa miguu kutoka Majengo.

Lakini karatasi hizo zina mapengo. Kwanza, kipande hakikumhusu mwanamke, ilhali wanawake wengi walimiliki nyumba Pangani na Pumwani. Pili, wahamiaji wengi walisilimu wakachukua majina mapya; huenda aliyeandikwa kwa jina moja akazikwa kwa jingine. Tatu, faili nyingine zilichomwa au kupelekwa Uingereza kabla ya uhuru wa 1963. Zile zilizofichwa Hanslope Park zilikuja kukiriwa hadharani mwaka 2011, wakati wa kesi ya wakongwe wa Mau Mau.

Mapengo hayo huzibwa na masimulizi. Luise White aliyategemea masimulizi ya wakazi wa zamani alipoandika The Comforts of Home (1990), kitabu cha Kiingereza. Inasikitisha kwamba mjukuu wa Pumwani analazimika kupitia Kiingereza ili awasikie bibi zake.

Yamkini atatokea wa kudai kuwa hii ni kazi ya wanahistoria. Dai hilo halina mashiko. Kubaini kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja, kufasiri istilahi za udugu na ujirani, kunukuu usemi wa mzee bila kuupotosha: hizo ni stadi za isimu na fasihi simulizi. Mwanafunzi aambiwapo aende nyanjani hupanda basi la kijijini, ilhali nyanja nyingine iko Majengo.

Wala muda haungoji. Baadhi ya nyumba kongwe za Eastlands zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa, na majirani waliojuana kwa vizazi wametawanyika. Hivyo basi, idara za Kiswahili hazina budi kuidhinisha tasnifu zitakazoanzia barazani kwa wazee na kuishia Makavazi. Huenda zikathibitisha kwamba aliyejibu "kwetu ni Majengo" hakuwa amekataa kwao, alikuwa amekutaja.